Anayemimina Huanza Yeye

Gari lilipokata kona ya mwisho kuingia nyumbani kwa wakwe zake, kijijini Haneti, Dorothea alitazama uani akaona viti. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nusu duara chini ya turubai, kama vya msibani, na watu walikuwa wamekwisha kukaa. Hakuna aliyenyanyuka kuja kupokea mizigo. Sasa wewe niambie, tangu lini mkamwana anafika kwa wakwe na makreti ya bia garini, na mawifi wamekaa wanamtazama tu? Hata watoto, ambao siku zote hulikimbilia gari kabla halijasimama, siku hiyo walikuwa wamezuiwa nyuma ya jiko, na sauti ya mwanamke ilisikika ikiwaambia wakae hukohuko.

Dorothea akamuuliza mumewe leo kuna nini. Fredy alizima gari akasema hakuna kitu, watu wamekuja kuonja, bia ya bure nani anaikataa. Alisema hivyo huku anatazama usukani. Dorothea akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashuka.

Safari yenyewe ilikuwa imeitishwa na Mzee Optatus, baba mdogo wa Fredy, mtendaji wa kata mstaafu, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye aliyeshika neno la ukoo. Alipiga simu akasema msimu wa furu hauko mbali, na kabla mkamwana hajaingia tena kwenye ile miti ya kule mlimani, ukoo ungependa kuionja hiyo bia inayotengenezwa kwa matunda yao. Wote kwa pamoja, mchana kweupe. Ni neno jema, nani angelipinga? Dorothea alifurahi, maskini. Alichagua chupa zilizotulia vizuri, akazifuta vumbi mojamoja, akazibandika lebo mpya.

Maana bia ile ilikuwa kitu, usione hivi. Dorothea ni Mnyakyusa wa Tukuyu, alisomea mambo ya chakula Morogoro, akaja Dodoma kufanya kazi kwenye kiwanda cha mvinyo, na huko ndiko alikomkuta Fredy akiendesha lori la zabibu. Walipooana wakakodi banda Ihumwa, karibu na reli, wakaweka matangi yao mawili wakaanza kupika bia kidogokidogo. Walijaribu ukwaju, wakajaribu ubuyu, wakajaribu hizo zabibu zenyewe. Watu walikunywa, wakasifu kwa adabu, wakarudi kwenye bia zao za siku zote. Halafu mwaka mmoja Mama Fredy akamtumia mkamwana wake ndoo ya furu kutoka Haneti. Furu ni tunda dogo la porini, likiiva linakuwa jeusi tii, na nyama yake tamu ina uzito wa tende. Dorothea akalichemsha, akachuja rojo, akalitia tangini bia ikiwa katikati ya kuchacha.

Ilitoka nyeusi yenye wekundu kwa mbali ukiinyanyua kwenye mwanga. Ukiipiga funda, kwanza ulimi unashtuka kwa uchachu, unataka hata kukunja uso, halafu subiri kidogo, utamu wa furu unakuja taratibu kutoka nyuma ya koo, na mwishowe inabaki ladha ya kashata iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Wafanyakazi wa serikali pale Ipagala waliigombea. Wanafunzi walipiga nayo picha. Mwenye baa mmoja alianza kupiga simu kabla hata bia haijaiva, akitaka awekewe yeye kwanza.

Kisha Marko akafa.

Marko alikuwa mume wa Aneth, dada mkubwa wa Fredy. Pasaka ile alikuja Ihumwa kusalimia, akaondoka na kreti zima la bia ya furu, na kwa kuwa Marko hakuwa mtu wa kugawa, aliinywa peke yake ndani kwake. Jumatatu akaanza kutapika damu. Alifia hospitali. Daktari alimweleza Aneth kwamba ini lilikuwa limekwisha zamani, gongo ya miaka na miaka ndiyo iliyolimaliza, na hata angekunywa maji angekufa tu. Aneth aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili. Lakini masikio ya mfiwa nayo yana mambo yake. Kufikia matanga kumalizika, maneno yalikuwa yameshapita nyumba kwa nyumba kwamba Marko alikunywa pombe ya mke wa Fredy akatapika damu, na maneno hayo kila mtu aliyasema kwa kuyakanusha. Lisemwalo lipo, walisema, ila sisi hatumo.

Dorothea alijua yanasemwa. Hakuyapa uzito kwa sababu wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kimeujaza moyo wake, kitu ambacho hakuthubutu kukitaja hata akiwa peke yake bafuni. Alikuwa na mimba.

Mimba tatu zilikuwa zimekwisha kumtoka. Ya kwanza ilitangazwa hapahapa Haneti kwa vigelegele, Mama Fredy akacheza mpaka kilemba kikamdondoka, na kabla tumbo halijaonekana ikawa imeharibika. Ya pili na ya tatu zilikwenda njia hiyohiyo. Kwa hiyo safari hii yeye na Fredy walikubaliana kufunga midomo. Mimba changa haitangazwi, kila mwanamke anajua, na ya mwanamke aliyekwisha kupoteza ndiyo kabisa, maana hujui nani anayekuombea na nani anayekuhesabia. Daktari naye alimwonya asinyanyue vitu vizito, asikae kwenye joto la matangi, na pombe asiguse hata tone. Dorothea akauliza, na kuonja? Daktari akamwambia, mama, wewe unataka mtoto au unataka bia?

Alitaka mtoto. Alimtaka kwa namna ambayo ilimwogopesha mwenyewe. Basi akaanza kufanya alivyofundishwa kule kiwanda cha mvinyo: anapiga funda, anaizungusha mdomoni, anavuta hewa kidogo kati ya meno ili harufu ipande puani, anatema kwenye ndoo. Hapo ameshajua karibu kila anachohitaji kujua, na tumboni hakijashuka kitu. Asubuhi, mchana, jioni, kila tangi, kila chupa ya majaribio, alionja akatema, mpaka ikawa mdomo unafanya wenyewe naye anawaza mengine.

Huyo ndiye aliyeshuka garini siku ile. Upepo wa kiangazi ulikuwa unapiga, ule wa Dodoma unaojaza mchanga kwenye meno, na turubai lilikuwa linapiga kelele juu ya vichwa vya watu. Dorothea akaenda mbele ya viti, akasema mbukwenyi. Siku zote akisalimia Kigogo kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa watu hucheka, humfundisha upya, humvuta mkono akae. Leo walimwitikia kwa kunong'ona. Akapiga goti kumwamkia Mama Fredy, na marahaba ikaja, lakini mkono aliopewa ulikuwa wa baridi na ulijitoa haraka. Alipokaa, hakuna aliyemletea maji ya kunywa. Kiu ilikuwa imemkaba, lakini hakuthubutu kuomba.

Aneth alikuwa amekaa pembeni na kanga zake za ujane. Alipoona Dorothea ameketi, aliinua kiti chake akakisogeza mbele, akakiweka mahali ambapo angeliona vizuri koo la wifi yake. Hapo ndipo Dorothea alipoelewa. Hawa hawakuja kuonja bia, walikuja kumtazama yeye.

Mzee Optatus alisimama akaongea kama alivyokuwa akiongea ofisini, kwa kuzunguka sana. Alishukuru watu kuja. Alisema ukoo hauna neno na mtu, na kwamba biashara ya watoto wao ni heshima kwa wote. Alisema miti ya furu ni ya babu zao, na mtu hawezi kutoa tunda la babu zake likapikwe mahali asipopajua bila kujua ladha yake. Marko hakumtaja kabisa, na kila mtu alisikia jinsi asivyomtaja. Mwishoni akaagiza iletwe kata, ile ya kibuyu, iliyokuwa ya marehemu kaka yake, badala ya bilauri ambazo Dorothea alikuwa amezibeba kutoka mjini. Akamkabidhi mkamwana kwa mikono miwili.

Sasa, desturi ni hii, na haiko kwa Wagogo peke yao, hata Tukuyu ipo. Anayemimina pombe huanza yeye. Anakunywa mbele za watu, anameza, wanaona koo linashuka, ndipo anampa mgeni. Mara nyingi hufanywa kwa mzaha, mtu analowesha midomo huku anacheka, na kata inazunguka. Dorothea alishafanya hivyo uani hapo mara nyingi. Ila leo hakuna aliyekuwa anacheka, na hata kama angetaka kulowesha midomo tu, Aneth alikuwa amekaa pale.

Alimtazama Fredy. Neno moja tu lingetosha. Angesema mke wangu ana mafua, ngoja nianze mimi, au angejifanya mwenye uchu na kuipokonya kata kwa utani, kaka wa watu nyumbani kwao, nani angemkatalia? Fredy alikuwa anatazama viatu vyake. Dorothea akasubiri ainue kichwa. Hakuinua.

Basi akafungua chupa. Gesi ikatoka kwa mlio mdogo, na mtoto mmoja nyuma ya jiko akanyamazishwa. Akamimina. Povu likapanda rangi ya kahawia, zito, zuri, harufu ya furu ikasambaa, na kwa sekunde moja, Mungu amsamehe, alijisikia fahari. Kisha akaanza kujadiliana na Mungu huyohuyo. Alimwambia, ni funda moja. Nikimeza funda moja hawa watu watanyamaza, nami nitarudi nyumbani na sitagusa tena mpaka nijifungue. Wewe unajua kilicho tumboni na unajua kwa nini nafanya hivi. Akaamua kumeza. Aliamua kwa akili yake timamu, na hilo aje mtu amwambie siyo, atambishia mpaka kesho.

Akainua kata, akapiga funda. Ulimi ukashtuka kwa ule uchachu. Akaizungusha, akavuta hewa kati ya meno, harufu ikapanda puani, na akili yake ikawa inasema iko sawa, imetulia, labda rojo lingezidi kidogo tu. Halafu mdomo ukageuka pembeni ukatema.

Mazoea yana taabu, jamani. Aliyaona mate meusi yanaanguka mchangani na bado hakuelewa ni ya nani.

"Ameitema," alisema Aneth.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayethibitisha jambo alilokuwa amekwisha kulijua. Turubai tu ndilo lililopiga kelele. Kuku mmoja, mtetea mwenye vifaranga, alitoka chini ya viti akaja kudonoa ule mchanga uliolowa, na macho ya ukoo mzima yakaondoka kwa Dorothea yakaenda kwa kuku. Walimtazama akidonoa, akiinua kichwa, akimeza, akidonoa tena. Walimtazama muda mrefu. Kuku aliposhiba akajipangusa mdomo ardhini, akaita vifaranga wake akaenda zake, na hakuna mtu aliyesema, basi, mnaona, hakuna kitu.

Dorothea akainua kata mara ya pili. Alisema samahani, amekosea, sasa anakunywa, wamtazame anakunywa. Mzee Optatus akanyoosha mkono, taratibu, akamtoa ile kata vidoleni.

"Acha, mwanangu," alisema. "Kinywa cha kwanza ndicho kinachosema kweli. Cha pili ni cha woga."

Aliimimina bia yote chini, mbali na kuku, akarudi kukaa.

Mtu akifika hapo ana njia ngapi? Dorothea aliona nyuso zile, aliona Mama Fredy ameshika tama, aliona namna kina mama wawili walivyokusanya kanga zao karibu kana kwamba yeye angewarukia. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameficha ili azae. Aliweka mkono tumboni bila kujua ameuweka.

"Nina mimba," alisema. "Daktari amenikataza pombe. Kazini naonja natema, ndiyo maana nimetema, si kwa sababu nyingine. Nina mimba. Fredy, waambie."

Fredy akasimama. Akasema ni kweli, mke wake ana mimba, akakaa. Chupa zilikuwa miguuni pake, na angeweza kuifungua moja akaipiga mpaka tone la mwisho mbele yao wote, na Dorothea alimsubiri afanye hivyo. Lakini Fredy alikuwa amekwisha kurudi kutazama viatu vyake.

Hapo ndipo vigelegele vilipaswa kupigwa. Ni nyumba gani ya Kigogo, ni nyumba gani popote pale, mwanamke aseme ana mimba mbele ya mama mkwe na pasiwe na kigelegele? Mama Fredy alifunika mdomo kwa kanga. Machozi yalimlengalenga, na Dorothea akaona ni ya furaha, akaona pia kwamba furaha ile inaogopa kutoka. Mama akamuuliza kwa sauti ndogo mimba ina umri gani.

Dorothea akajibu tangu Pasaka.

Hakuwa amefikiri. Alijibu tu, kama mtu anavyojibu anapoulizwa na mama yake. Na neno lilipomtoka alimwona Aneth anainua uso, polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile macho ya wifi yake yakawa hayana hasira. Yalikuwa na kitu kibaya zaidi, yalikuwa yameelewa.

"Pasaka ndiyo Marko aliondoka," alisema Aneth. "Mmoja katoka, mmoja kaingia."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Habari za watu wanaotoa mtu kafara ili biashara iende, au wanaotoa mtu ili tumbo lishike, kila mmoja pale alikua akizisikia, na kila mmoja alimjua mtu anayemjua mtu aliyefanya. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu, mgeni wa mbali, mpika pombe nyeusi inayogombewa mjini. Dorothea alizisikia akili zao zikihesabu. Mama Fredy akamwambia Aneth afunge mdomo wake, nyumba hii haisemi maneno hayo. Lakini aliyasema hayo akimtazama Aneth, na mkamwana wake hakumtazama.

Mzee Optatus akakohoa. Alizunguka tena kidogo, akasema mimba ni baraka, akasema daktari ni mtu wa kusikilizwa, akasema hata yeye mwenyewe ana sukari na pombe ameambiwa apunguze. Kisha akafika alipotaka kufika.

"Sisi hatuna ugomvi na wewe, mwanangu. Tutasubiri. Hizi chupa zitakaa hapa, kwa mama yako. Ukituletea mtoto mzima, tutazifungua siku ya kumtoa nje, na mimi nitakuwa wa kwanza kunywa. Na furu utachuma mpaka uchoke."

"Na nisipomleta?" aliuliza Dorothea.

"Tusifike huko," alisema mzee.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walionekana kama watu waliotua mzigo, kwa sababu sasa shauri halikuwa tena mikononi mwao. Vijana wawili wakaitwa wakabeba makreti kwenda ghalani kwa Mama Fredy, wakiyashika kwa ncha za vidole. Mlango ukafungwa kwa kufuli, ufunguo akapewa mama. Ndipo maji ya kunywa yakaletwa, na wali, na mlenda, na watu wakala wakiongea habari za mvua iliyokatika mapema. Dorothea alikula mbele zao tonge baada ya tonge bila kusikia ladha, kwa kuwa aliona kwamba hata kula kwake kulikuwa kunatazamwa.

Wakati wa kuondoka Mama Fredy alimsindikiza mpaka mlangoni mwa gari. Alimshika mkono kwa nguvu, safari hii ule mkono ulikuwa wa moto, akamwambia asifue nguo nzito, asipande pikipiki, akienda kulala alalie ubavu wa kushoto. Dorothea akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Kisha mama akamsogelea sikioni.

"Usije ukaniletea kilio tena," alisema. "Safari hii sitaweza kukutetea."

Gari likaondoka. Dorothea alisubiri mpaka nyumba ipotee nyuma yao ndipo akaanza kulia, na alilia vizuri, bila kujizuia, kwa sauti. Fredy aliendesha. Alimpa kitambaa. Alisema wazee ndivyo walivyo, wanapenda kujipa ukubwa, mtoto akizaliwa kila kitu kitakwisha na watacheka wenyewe.

Dorothea akanyamaza ghafla, kwa sababu alikuwa amekiona kitu ambacho uani hakukiona. Alikipima huku na huku, akitumaini amekosea. Mtoto akitoka, kama walivyotoka wale watatu, basi bia yake ni sumu, imemuua Marko na imemuua na huyu. Na mtoto akizaliwa mzima, mnene, mwenye afya, Mzee Optatus atakunywa, sawa, lakini Aneth atamtazama mtoto huyo siku zote za maisha yake na kuona bei iliyolipwa. Na Aneth ana watoto, na hao watoto watakua wakiambiwa. Hakuna mlango ulioachwa wazi. Kiumbe ambacho bado hakijawa na kope kilikuwa kimeshapelekwa barazani, na kwa vyovyote hukumu ilikuwa imeandaliwa.

Akamweleza Fredy. Alimweleza polepole, neno kwa neno, ili asije akasema hakuelewa. Upepo ulikuwa unalisukuma gari pembeni na vumbi lilikuwa limefunika barabara, ikabidi Fredy awashe taa ingawa jua lilikuwa bado juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Hilo la kutobisha lilimtia Dorothea baridi, maana anamjua Fredy, ni mtu wa kubisha hata kwamba leo ni Jumamosi.

"Wewe ulikuwepo," alisema Dorothea. "Unajua furu inatoka wapi, unajua maji ninayotumia, umeosha matangi yale kwa mikono yako. Mbona hukunywa?"

Fredy akabadilisha gia.

"Tangi la pili limeiva," Dorothea aliendelea. "Kesho lazima lionjwe, na lazima mtu ameze, maana uchungu wa bia unajulikana kooni. Mimi siwezi. Nakuomba uniambie kwamba utameza wewe."

Alisema nakuomba. Hajawahi kumwomba mumewe kitu kwa neno hilo. Fredy alikaza macho kwenye vumbi lililokuwa mbele ya taa, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Acha kwanza, mke wangu," alisema. "Tusubiri mtoto."